Moyo wa Kupewa na Nuru ya Macho

Watu wengi waulizwapo ni sehemu gani ya mwili wa mwanadamu iliyotangulia kutolewa kwa mtu mmoja ikatiwa kwa mwingine na kufaulu, aghalabu hujibu kuwa ni figo, na wengine husema ni moyo, kwa kuwa habari za moyo zilivuma duniani kote. Lakini jicho lilivitangulia viungo vyote viwili kwa miaka mingi. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao siku hizo ulikuwa chini ya dola ya Austria na leo umo katika Jamhuri ya Cheki, tabibu Eduard Zirm alimpasua kibarua mmoja ambaye macho yake yote mawili yaliunguzwa na chokaa, akaondoa kovu katikati ya kila konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na mahali pake akatia vipande vilivyotolewa katika jicho la mvulana wa miaka 11, jicho ambalo lilikuwa limejeruhiwa kwa chuma na halikuwa na budi kung'olewa. Jicho moja la kibarua halikufaulu. La pili lilibaki angavu, na mtu yule akarudi kazini akiona njia yake.

Nimeanza na jicho kwa makusudi, ingawa jambo nitakalo kulieleza ni la moyo, kwa sababu matabibu waliojaribu kuupandikiza moyo walikutana na kizuizi ambacho Zirm, kwa bahati yake njema, hakukutana nacho; na tena kwa sababu wale wagonjwa wa moyo waliookoka, walipoanza kuishi miaka na miaka badala ya siku na siku, walirudi kwa matabibu wakilalamika, miongoni mwa mengine, kuwa macho yao yanaingia ukungu. Viungo hivi viwili vimeshikana katika elimu ya upandikizaji kuliko msomaji wa kawaida awezavyo kudhani.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard na wenziwe walimtoa Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula, moyo wake uliochakaa, wakamtia moyo wa Denise Darvall, binti wa miaka 25 aliyegongwa na gari yeye na mama yake walipokwenda kununua keki. Baba wa binti huyo, katika saa ambayo mkewe alikuwa amekwisha kufa na binti yake hana tamaa ya kupona, aliombwa ridhaa, naye akaitoa. Na mimi husema kuwa katika kisa kizima, ambacho magazeti yalikipamba kwa picha za tabibu kijana mwenye tabasamu, hakuna aliyefanya jambo zito kuliko mzee yule. Moyo ulitiwa, ukashtuliwa kwa umeme, ukapiga. Washkansky aliamka, akazungumza, akapigwa picha. Siku 18 baada ya kupasuliwa alifariki.

Sababu ya kifo chake inafaa kuelezwa taratibu, maana ndani yake mna kiini cha habari yote. Moyo haukumwua, moyo ulipiga vyema hadi karibu na mwisho. Vivuli vilipoonekana katika picha za mapafu yake, matabibu walidhani kuwa mwili umeanza kuukataa moyo mgeni, wakazidisha dawa za kudhoofisha kinga ya mwili, na kumbe vivuli vile vilikuwa ni homa ya mapafu, ambayo ilihitaji kinga hiyo hiyo waliyokuwa wakiivunja. Hawakuwa wazembe wala wajinga. Walikosa njia ya kuuona moyo kwa ndani na kujua kwa yakini kama unashambuliwa au umesalimika, wakalazimika kubahatisha kwa kusikiliza kifua, kupima mawimbi ya umeme wa moyo na kutazama picha za eksirei.

Lakini kwa nini mwili ukatae kile kinachouokoa? Jibu la swali hili lilitafutwa na Peter Medawar, mwanachuoni wa Uingereza aliyezaliwa Brazil na baba wa Kilebanoni, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili aliitwa kutazama majeruhi walioungua, akaona kuwa ngozi ya mtu mwingine ikibandikwa juu ya kidonda hushika kwa siku chache kisha hunyauka na kupukutika, na ikibandikwa mara ya pili kutoka kwa mtu yule yule hupukutika upesi zaidi. Wepesi huo wa mara ya pili ndio uliomfumbua: mwili ulikuwa umejifunza. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeitambua ngozi ya mgeni, zikaweka kumbukumbu, na zilipoikuta tena hazikuhitaji muda wa kutafakari. Mwaka 1948 Medawar alieleza majaribio aliyotia vipande vya ngozi ndani ya chumba cha mbele cha macho ya sungura, na huko akaona kuwa ngozi ngeni iliweza kuishi kwa amani maadamu mishipa ya damu haijaifikia. Kazi zake kwa jumla zilimpatia nishani ya Nobel katika mwaka 1960, akishirikiana na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Hapa ndipo tunapoielewa bahati ya Zirm. Konea haina mshipa wa damu hata mmoja. Hupata hewa kutoka nje, kupitia machozi, na hupata chakula kutoka katika maji yaliyomo ndani ya jicho. Unene wake hauzidi sana nusu ya milimita, na uangavu wake ndio sharti la kuona. Walinzi wa mwili, ambao husafiri kwa damu, hawana njia rahisi ya kuifikia, na fauka ya hayo jicho lina tadbiri zake za kuwatuliza wale wachache wafikao, kwa kuwa vita vikipiganwa mle ndani hata mshindi hubaki kipofu. Moyo ni kinyume chake kabisa. Damu yote ya mwili hupita ndani yake kila dakika, na nyama yake imesukwa kwa mishipa myembamba isiyohesabika, hata hayupo mlinzi asiyepata nafasi ya kuukagua.

Barnard alimpandikizia moyo mgonjwa wa pili, daktari wa meno Philip Blaiberg, tarehe 2 Januari 1968, na moyo huo ulitoka kwa Clive Haupt, kijana ambaye sheria za ubaguzi za nchi ile zisingemruhusu kukaa mtaa mmoja na mtu aliyerithi moyo wake. Blaiberg aliishi miezi 19, akaogelea baharini, akawapa watu matumaini. Na alipofariki, moyo ulipopasuliwa, mishipa inayoulisha ilikutwa imeziba kama ya mzee sana, ingawa mwenye moyo alikufa angali kijana. Maradhi hayo ya kuziba kwa mishipa ya moyo uliopandikizwa, yatokanayo na chuki ya polepole ya kinga ya mwili, yanawasumbua matabibu hadi leo.

Mwaka ule wa 1968 ulikuwa mwaka wa pupa. Hospitali katika nchi nyingi zilishindana kupandikiza mioyo, ikapandikizwa zaidi ya mia moja, na wagonjwa wengi wakafa katika wiki au miezi michache, mpaka aibu ikawashika wapasuaji na wengi wakaiacha kazi hiyo. Waliobaki ni wachache, na miongoni mwao hapana waliokuwa wavumilivu kuliko watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, chini ya Norman Shumway, ambaye kwa hakika ndiye aliyeitengeneza njia ya kuushona moyo, pamoja na Richard Lower, katika majaribio ya mbwa, miaka kadhaa kabla ya Barnard kuitumia. Dunia ilimpa sifa aliyetangulia kufika. Nadhani haikukosea sana, lakini ilisahau kuwauliza waliobaki nyuma wanafanya nini.

Waliobaki nyuma walikuwa wakitafuta jicho la kuutazama moyo. Philip Caves, mpasuaji kijana kutoka Uingereza aliyekuwa Stanford, alibuni katika mwanzo wa miaka ya 1970 njia ya kupitisha waya mrefu mwembamba katika mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kulia, ukateremka hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo, na ncha yake, iliyo na taya mbili ndogo zinazofunguka na kufumba, ikachuna kipande cha nyama kisichozidi milimita chache. Mgonjwa huwa macho, shingo yake imetiwa dawa ya ganzi, na kazi nzima hukamilika katika muda usio mrefu. Vipande vichache namna hiyo hutiwa katika dawa ya kuvihifadhi, hukatwa vipande vyembamba mno, hupakwa rangi, na huwekwa chini ya hadubini.

Nani aliyekaa kwenye hadubini hiyo? Alikuwa Margaret Billingham, mzaliwa wa Tanga, aliyesoma Kenya katika shule ya Loreto, akaenda London kusomea utabibu, na hatimaye akafika Stanford akawa bingwa wa patholojia, yaani elimu ya kuyasoma maradhi katika nyama za mwili. Yeye ndiye aliyeweka taratibu za kusoma vipande vile hatua kwa hatua: kwanza chembe nyeupe huonekana zimekusanyika kando ya mishipa midogo, nyama yenyewe ikiwa salama, kisha huanza kupenya baina ya nyuzi za nyama, kisha nyuzi zenyewe huonekana zimeumia na kukatika, na mwishowe, ikiwa hapana aliyezuia, damu huvuja na moyo huharibika. Kila hatua ilikuwa na amri yake kwa tabibu: ngoja, ongeza dawa, au ongeza upesi. Mwaka 1990 Billingham aliongoza jopo lililokubaliana lugha moja ya kuzitaja hatua hizo, ili tabibu wa nchi moja na wa nchi nyingine wakiandikiana waelewane. (Msomaji atakayefuatilia habari hizi atakutana pia na Rupert Billingham, aliyefanya kazi na Medawar, huyo ni mwingine, na wawili hawa wasichanganywe.) Nasikitika kuwa jina la Margaret Billingham halitajwi sana katika mji wake wa kuzaliwa, ilhali hapana shaka kuwa wagonjwa maelfu kwa maelfu wameishi kwa sababu ya kanuni alizozitunga.

Matunda ya uangalizi huo yalionekana kabla dawa mpya hazijapatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Stanford mgonjwa mmoja tu kati ya watano hivi ndiye aliyeumaliza mwaka wa kwanza. Miaka kumi baadaye, kwa dawa zile zile za zamani lakini zilizopimwa kwa kufuata hadubini, walioumaliza walikaribia wawili kati ya watatu.

Wakati huo huo wanavyuoni wa macho walikuwa wakiyatazama mambo hayo hayo bila kuhitaji kuchuna nyama, kwa kuwa konea ni angavu na vita vyake hupiganwa hadharani. Mwaka 1969 Ali Khodadoust, tabibu wa Kiajemi aliyekuwa Marekani, akishirikiana na Arthur Silverstein, alieleza alama ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Mgonjwa aliyepandikizwa konea hukaa, huegemeza kidevu mbele ya hadubini ya macho, na tabibu humulika jicho kwa mwali mwembamba wa taa unaoikata konea kwa ubavu. Basi ikiwa kinga ya mwili imeamka, huonekana juu ya tabaka la ndani kabisa mstari mweupe mwembamba, nao ni chembe nyeupe zilizopangana kama siafu, zikianzia ukingoni palipo na mshipa wa damu au uzi wa mshono, na kusonga siku kwa siku kuelekea upande wa pili. Nyuma ya mstari, palipokwisha kupitiwa, konea imevimba na kufifia. Mbele ya mstari ingali angavu. Matone ya steroidi, dawa ya kuituliza kinga, yakitiwa mapema na kwa wingi, mstari husimama. Yakichelewa, tabaka lile halioti tena, kwa kuwa chembe zake kwa mwanadamu hazizaliani kufidia zilizokufa.

Mageuzi makubwa ya moyo yalitoka mahali pasipotarajiwa. Kampuni ya Sandoz ya Uswisi ilikuwa na desturi ya kuwaomba watumishi wake wanaokwenda likizo warudi na mifuko ya udongo, ili utafutwe ndani yake vijidudu vyenye dawa. Na mmoja wao alirudi na udongo wa uwanda wa juu wa Hardangervidda, Norway, uliokuwa na kuvu ambayo haikufaa kitu katika kuua bakteria, lakini maabara ya Jean-François Borel iligundua katika mwaka 1972 kuwa dawa yake huzituliza zile chembe zinazoongoza vita dhidi ya kiungo kigeni bila kuuvunja uboho wa mifupa. Ndiyo saiklosporini. Roy Calne wa Cambridge aliitumia kwa wagonjwa wa figo mwishoni mwa miaka ya 1970, Stanford wakaianza kwa wagonjwa wa moyo mwishoni mwa mwaka 1980, na mwaka 1983 Marekani ikaipa idhini. Hospitali zilizokuwa zimefunga milango ya upandikizaji zikaifungua tena.

Leo hii, katika hospitali zenye uzoefu, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi waliopandikizwa moyo huumaliza mwaka wa kwanza, na nusu yao huishi zaidi ya miaka 12. Mholanzi mmoja aliyepandikizwa huko Harefield, Uingereza, mwaka 1984, akiwa kijana, alitambuliwa mwaka 2023 kuwa ameishi na moyo wa kupewa kwa zaidi ya miaka 39. Maisha hayo yana ajabu zake. Moyo uliopandikizwa umekatwa mishipa yake ya fahamu, kwa hiyo hupiga upesi kidogo hata mtu akiwa amelala, hauharakishi mara moja mtu aanzapo kupanda ngazi bali hungoja homoni ziufikie kwa njia ya damu, na mishipa yake ikiziba mgonjwa aghalabu hasikii yale maumivu ya kifua ambayo kwa wengine ndiyo onyo. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo wa kupewa haachiwi kamwe kujipima kwa jinsi anavyojisikia.

Na sasa tuyarudie macho. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo mashuhuri miongoni mwake ni predinisoloni, zilikuwa nguzo ya upandikizaji tangu mwanzo na zingali zinatumiwa, hasa katika miezi ya kwanza na kila mara mwili unapoasi. Mwaka 1960 matabibu wa Marekani walitangaza kuwa wagonjwa wa baridi yabisi waliozinywa kwa muda mrefu walipatwa na mtoto wa jicho wa namna ya pekee, anayeanzia nyuma ya lenzi, katikati kabisa, pale ambapo mwanga hupita. Na kwa hiyo mgonjwa huyu, tofauti na mzee mwenye mtoto wa jicho wa kawaida, huona vibaya zaidi juani kuliko kivulini, husumbuliwa na taa za magari usiku, na hushindwa kusoma ingawa akitazama mbali huona si haba. Wagonjwa wa moyo hupatwa na jambo hilo hilo, na wengine huhitaji kupasuliwa macho wangali na umri mdogo. Habari njema ni kuwa upasuaji wa mtoto wa jicho huwafaa kama uwafaavyo watu wengine, mradi matabibu wa macho na wa moyo wameshauriana juu ya dawa.

La hatari zaidi ni presha ya macho, ambayo wengine huiita glakoma. Steroidi huzuia maji ya ndani ya jicho kutoka kwa urahisi, presha hupanda, na neva ya jicho hufa kidogo kidogo kuanzia pembeni, bila maumivu, hata mtu hajui mpaka sehemu kubwa ya uoni imekwisha kupotea. Na kilichopotea hakirudi. Si kila mtu hupandwa na presha kwa dawa hizi, lakini hapana awezaye kumtambua atakayepandwa isipokuwa kwa kumpima. Kadhalika steroidi na baadhi ya dawa za kupunguza kinga huweza kuleta kisukari, na kisukari nacho huharibu retina, ule utando wa nyuma upokeao picha.

Kisha kuna wageni wanaoingia kwa kuwa kinga imelazwa. Kimelea kiitwacho toksoplazma, ambacho watu wengi ulimwenguni hukipata bila kujua, kutokana na kinyesi cha paka au nyama isiyoiva, hujificha miaka mingi ndani ya nyama za mwili, na moyo ni nyama. Kwa hiyo moyo wa mtu aliyekuwa na siha kamili huweza kumletea mpokeaji kimelea hicho, nacho kikiamka hupenda kushambulia, pamoja na moyo wenyewe na ubongo, retina ya jicho. Wapandikizaji wa moyo huhofia jambo hili kuliko wapandikizaji wa figo, na hupima damu za pande zote mbili na kumpa mpokeaji dawa ya kinga, ambayo ni ile ile septrini ijulikanayo katika zahanati zetu. Virusi vya sitomegalo navyo huweza kuila retina, ingawa kwa wagonjwa wa moyo hayo hutokea kwa nadra.

Haya si mambo ya Cape Town na California peke yake. Mwezi wa Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, na Kenya ilikuwa imetangulia katika kazi hiyo. Na mgonjwa wa figo hunywa dawa za ukoo ule ule wa mgonjwa wa moyo, na macho yake yanastahili hadhari ile ile. Tabibu mwenye hekima huandika miadi ya macho katika cheti cha mgonjwa siku ile ile anapoandika miadi ya damu.

Saiklosporini, ambayo ilitoka katika udongo ikaokoa mioyo, imelirudia jicho katika sura ya matone, kwa macho makavu na kwa mzio mkali wa macho unaowapata watoto wengi wa Afrika Mashariki, ule unaowafanya wasugue macho mchana kutwa hata weupe wa jicho ukageuka rangi ya udongo. Katika maradhi hayo hutuliza bila kupandisha presha, na kwa mtoto atakayetumia dawa kwa miaka hilo si jambo dogo.

Ama kuhusu kutoa, pana tofauti ambayo wengi hawaijui. Moyo kwa kawaida hutolewa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa na moyo wake ungali unapiga kwa msaada wa mashine, na aghalabu ukishatolewa una saa nne hivi tu za kufika kifuani mwa mwingine. Konea huweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, kwa mtu aliyefia hospitalini au nyumbani, mzee au kijana, hata aliyevaa miwani maisha yake yote, na katika dawa ya kuihifadhi hukaa siku kadhaa, na kwa njia nyingine hata wiki kadhaa. Anayetoa hapotezi sura yake. Maiti huoshwa na kuzikwa kama desturi. Wanazuoni wa Kiislamu wa Jumuiya ya Fiqhi, walipokutana Jeddah mwaka 1988, waliruhusu kutolewa kiungo cha maiti kumwokolea aliye hai uhai wake au kazi ya msingi ya mwili wake, kwa sharti la idhini ya marehemu kabla ya kufa kwake au ya warithi wake, na wakakataza kuuza. Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, ilianzishiwa chama cha kutoa macho na daktari Hudson Silva mwaka 1961, na tangu hapo imepeleka konea katika makumi ya nchi za kigeni baada ya kujitosheleza yenyewe. Uchunguzi wa dunia nzima wa mwaka 2012 na 2013 ulikuta kuwa konea 185,000 hivi zilipandikizwa kwa mwaka, ilhali watu milioni 12.7 walikuwa wakingoja: konea moja kwa kila wahitaji 70.

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kuwa konea hukubaliwa siku zote. Amani ya Medawar inadumu maadamu mishipa ya damu haijaingia, na macho yaliyopata makovu kwa vikope, kwa surua iliyokutana na upungufu wa vitamini A, au kwa kidonda kilichotiwa dawa za mitishamba, huwa yamekwisha kuingiwa na mishipa. Matabibu wa macho wa Kikuyu, Kenya, walipochapisha mwaka 1996 matokeo ya wagonjwa waliowapandikiza konea, wale ambao konea zao zilikuwa zimechongoka tu bila makovu walifaulu vizuri zaidi kuliko wengine. Kumchanja mtoto surua kwa wakati wake na kumnawisha uso huokoa konea nyingi kuliko kisu cha mpasuaji yeyote.

Neno langu la mwisho ni kwa wale ambao hawatapandikizwa kiungo chochote. Steroidi zimo katika vidonge vya pumu kali na vya baridi yabisi, na zimo katika matone ya macho ambayo watu hujinunulia madukani bila cheti kwa sababu huondoa wekundu kwa siku moja. Mzazi ambaye mtoto wake ana mzio wa macho asimtilie matone ya mwaka jana wala ya jirani. Amwulize mfamasia kama dawa hiyo ina steroidi, na ikiwa nayo, asiitumie ila kwa amri ya tabibu. Na yeyote anayezinywa au kuzitia kwa muda wa wiki nyingi aende kliniki ya macho akapimwe presha, hata kama anaona vyema.